Mlango wa Sentimita Sabini: Maisha ya Mwalimu Serafina Salvatory Mponda

Baba Paroko, wazee wangu, mama zangu, nyote mlioacha mpunga kwenye maturubai mkaja kutuzikia, shikamooni, na rika langu poleni na msiba. Mimi ni Herieth, mtoto wa kaka wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba karatasi niliyokabidhiwa jana na kamati sitaisoma, kwa sababu kamati iliinakili kutoka msiba wa Mzee Obed wa Mang'ula, ikabadilisha jina, ikasahau kubadilisha mengine, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi ile Shangazi yangu alikuwa askari wa wanyamapori, bingwa wa bao, na ameacha mjane, habari ambayo mume wake, Baba Fidel, aliyekaa pale mbele, ameipokea kwa mshangao. Mwanamke amefundisha miaka ishirini na mitatu kwamba kazi ya mtu haichukuliwi bila idhini yake, halafu mnataka kumzika kwa desa, karatasi ya kunakili. Hii nimeiandika mwenyewe.

Marehemu Mwalimu Serafina Salvatory Mponda alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 Mahenge, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Salvatory na Mama Philomena, ambao wote wametangulia, akabatizwa mwezi uliofuata, akaanza darasa la kwanza mwaka 1966, na mwaka 1972 akateremka na wazazi wake kuja kulima hapa Ifakara, ambako mafuriko ya mwaka wao wa kwanza tu yalibomoa nyumba waliyopanga, na yeye, akiwa na miaka kumi na nne, akaenda kumuuliza mwenye nyumba ni nani aliyeijenga, mwenye nyumba akacheka, akamjibu, "Mtoto wewe, nyumba ikishaanguka haina fundi."

Jibu lile hakulisahau. Alimaliza kidato cha sita mwaka 1978, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na mwaka 1986 akahitimu shahada ya usanifu majengo Dar es Salaam, mwanamke pekee katika darasa la watu kumi na tisa, na wale wenzake waliokuwa wakimuuliza kama amekuja kujifunza kupamba sebule, wawili nawaona wako hapa na miwani myeusi, karibuni sana. Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Fidel, mfanyakazi wa reli, wakajaliwa watoto wawili, Omega mwaka 1990 na Teddy mwaka 1993, na kwa kuwa leo tunasema kweli, kupika hakujua, Baba Fidel ndiye aliyepika, na walikula vizuri.

Kuanzia Januari 1995 hadi Agosti 2018, alipostaafu na kurudi hapa Ifakara, alifundisha chuoni Dar es Salaam wanafunzi wa usanifu majengo somo la haki miliki na maadili ya taaluma, somo ambalo wakuu wake walilipangia Ijumaa saa nane mchana katika chumba chenye feni mbovu, na wanafunzi wakaliita somo la kulalia, wakiamini kuwa ramani ni mali ya mwenye mashine ya kutolea kopi. Yeye aliwaambia kila mwaka, kwa sauti ile ile kavu, "Sahihi yako kwenye ramani siyo ya sifa, ni ili watu wajue nani wa kumwita jengo likiumiza mtu." Na kila mwaka aliwapa mtihani mmoja, ramani ya zahanati ndogo aliyoichora yeye, nzuri kweli kweli, yenye kosa moja la makusudi, mlango wa wodi ya wazazi una sentimita sabini, wakati kitanda cha magurudumu kina tisini, na chini ya ramani aliwauliza kama wangekubali kuweka sahihi zao pale. Mei 2011 mwanafunzi wake mmoja, Nickolaus, alijibu kwamba angeweka, ramani haina tatizo, akapata alama tatu kati ya ishirini.

Nawaomba mnisikilize hapa. Mwaka 2023 ilifunguliwa zahanati katika kijiji kimoja cha bonde hili, ramani ina sahihi ya Nickolaus, na Februari 2024 dada yetu Kabula, mke wa mfugaji, mmoja wa Wasukuma wa kule ng'ambo ya mto, alifikishwa pale na uchungu, kitanda kikagoma mlangoni, akashushwa, akajifungulia sakafuni kwenye korido, na yeye mwenyewe alimsimulia Shangazi sokoni, huku akicheka kicheko cha hasira, "Mama, walitaka kunipitisha ubavu kama gunia la mpunga, mtoto akaona huu upuuzi, akatoka." Shangazi alikwenda na tepu yake, akapima, sabini, akatazama madirisha, akatazama paa, akaujua mtihani wake. Kijana alikuwa ameiiba ramani pamoja na kosa, kwa sababu kosa lenyewe hakuwahi kuliona.

Mei 2024 Nickolaus alikuja nyumbani na gari jeupe na kreti mbili za soda, akaamkia vizuri, akasema, "Mwalimu, ramani ni ramani tu, hata wewe uliitoa mahali," kisha akaahidi kwamba kwenye zahanati ya pili, inayojengwa nje kidogo ya Mlimba kwa ramani ile ile, angemwandika kama mshauri. Shangazi alimjibu, "Jina langu liache, panua mlango." Hakuupanua, maana kuupanua ni kukiri, na mtu wa aina hiyo yuko radhi wanawake wazalie kwenye korido kuliko yeye kusema nimekosea. Shangazi alimwandikia barua tatu, hazikujibiwa.

Novemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Dar es Salaam na baadaye hapa Ifakara, na mwezi wa nne mwaka huu, Teddy akimshikia rula, aliuchora upya mlango wa Mlimba kwa sentimita mia na ishirini, lakini alikataa kuweka sahihi, akatuambia, "Mimi sitakuwepo wa kuitwa." Alifariki Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na sita.

Jana wazee wa kamati waliniita pembeni, wakaniambia, "Mwanetu, msibani hatusemi mabaya, na huyo bwana ameleta shada," nikawajibu kwa heshima, "Baba zangu, mimi sisemi mabaya, nasema vipimo."

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliolala hapa siku tatu na kutuletea kuni na mchele, wanajumuiya, walimu wenzake waliosafiri kutoka Dar es Salaam, pamoja na dada Kabula aliyevuka na mtoto mgongoni. Tunamshukuru pia Fundi Dionisi, fundi mkuu wa ujenzi wa Mlimba, aliyetuambia juzi kwamba ukuta umefika usawa wa madirisha, linta, ile boriti ya juu ya milango, bado, na kwamba yeye ni fundi, anajenga kilichosainiwa.

Ndugu Nickolaus, uliyekaa mstari wa tatu, shada lako tumelipokea, ni kubwa kuliko yote. Karatasi ya mlango iko kwenye meza ya daftari la rambirambi, kalamu iko juu yake, na Fundi Dionisi ameahirisha safari yake mpaka uifikie. Ukitia sahihi, utakuwa umekiri mbele ya watu mia tatu, na kesho ukuta utakatwa. Usipotia, watu hao hao mia tatu wamekuona, na wengi wao wana binti.

Shangazi, nenda kwa amani, kazi yako umeimaliza. Sisi hatuondoki hapa mpaka mwanafunzi wako asimame.