Bi Nyamvula na Nyasi za Nyuma ya Bweni

Baada ya miaka ishirini na minane ya kuitumikia shule yetu hapa Shika Adabu, Bi Nyamvula Munga, mtunza bustani, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kazi kama mfuaji nguo. Siku moja alimwomba mwalimu mkuu wa wakati huo jembe, na beseni hakulirudia tena. Mikilifi ya langoni, yaani ile miarobaini, ni kazi ya mkono wake. Mbuzi wa jirani yetu, Mzee Bakari, aliwafukuza kwa ufagio huku akimwamkia mzee mwenyewe shikamoo kwa adabu zote.

Lakini zaidi tutamkumbuka kwa ule mteremko wa nyuma ya bweni la wasichana. Mwaka juzi masika iliukwangua hadi msingi ukaanza kuonekana, tukaambiwa kuwa udongo ukizidi kuondoka, bweni litafungwa. Bi Nyamvula akapanda mbegu za nyasi. Udongo ule wa mfinyanzi ukakauka, ukawa mgumu kama kigae, miche ikafia chini yake. Akapanda tena, mvua ikazisomba mbegu zote hadi mtaroni. Siku hiyo alilia, wala hakujificha.

Dereva wetu, Abdulghani, ndiye aliyemletea magunia ya makumbi ya nazi. Bi Nyamvula akayachambua, akayachanganya na nyasi kavu na majani yaliyooza, akapanda mara ya tatu na kuyatandaza juu ya mbegu. Mwanzoni alitandaza mengi mno, miche ikatoka ya manjano kwa kukosa jua. Akapiga magoti, akayapunguza kwa vidole mpaka udongo ukachungulia. Matandazo yale yaliuweka udongo laini na wenye unyevu, mizizi ikapata pa kupenya.

Masika ya mwaka huu ilipoanza kwa kishindo, alikataa kwenda kutazama. Aliniambia mimi, mpishi, "Nenda wewe, Josephine. Miguu yangu haitaki."

Nilikwenda. Nyasi zilikuwa zimelala kwa uzito wa maji, lakini zimeshika. Nikarudi jikoni nikamwambia, "Mama, maji yanapita meupe. Udongo haukuondoka."

Akaketi kizingitini, akashusha pumzi, akaomba chai. Alikunywa vikombe viwili. Wasichana wangali wanalala bwenini mwao.

Ahsante, Bi Nyamvula, kutoka kwetu sote, wa jikoni, wa madarasani na wa ofisini. Tunakuombea afya njema na umri wenye baraka huko nyumbani kwako Magogoni. Mvua ikikukuta kitandani, jifunike ulale. Huku tu salama.