Matonge ya Mahlet Yaliyoliwa na Bibi Yake

Wasikilizaji wapendwa, leo msinitarajie sauti ya kilio! Tunamkumbuka Bibi Yeshimebet wa Gondar, na mama huyu hakumbukwi kinyonge. Mtaani kwake hakuna aliyependa kulisha watu kumshinda.

Gursha mnaijua. Unakunja injera, ule mkate wetu mwembamba laini, na mchuzi, unamtia mwenzio mdomoni. Akikataa, amekutukana.

Sasa mjukuu wake, Mahlet, alikuwa na kifafa. Dawa alikunywa, bado alianguka. Daktari akamwongezea chakula maalumu: mafuta mengi, wanga kidogo mno. Mayai, samli, parachichi. Injera marufuku! Na wiki zikapita, wasikilizaji, Mahlet haanguki! Nyumba nzima vigelegele!

Ikafika Pasaka. Mtoto anatazama wenzake wakila, bibi roho ikamuuma. Akakunja tonge.

"Kula, roho yangu. Tonge la bibi litakudhuru nini?"

Akaongeza la pili. La tatu. Asubuhi yake Mahlet akaangukia jiko, akaungua mkono.

Aster, mama wa mtoto, hakumung'unya maneno. "Mama, ukimlisha tena nahama naye. Humwoni tena."

"Usihame, mwanangu," bibi akasema. "Nilidhani ndiyo kupenda."

Tangu siku hiyo, kila karamu bibi aliketi ubavuni mwa Mahlet. Mkono wowote ukija na tonge, analidaka yeye kwa mdomo wake!

"La Mahlet leteni huku!"

"Shangazi, utapasuka!" mpwa wake Gashaw alimtania.

"Nipasuke mimi, mtoto asianguke! Haya, kunja jingine, mbona dogo?"

Alinenepa, wasikilizaji! Nguo zote zilimkataa!

Miaka ikapita, Mahlet haanguki. Daktari akasema sasa arudishiwe injera, kidogo kidogo. Uani watu wakajaa. Bibi akakunja kitonge kama punje ya harage, akamtia mdomoni. Mahlet akala. Siku ikapita. Wiki. Mwezi. Hakuanguka! Nasema tena, hakuanguka!

Bibi Yeshimebet alifariki wiki iliyopita. Aster, Gashaw na majirani wote, poleni sana. Nanyi wenye mgonjwa wa kifafa nyumbani, dawa yake msiiache, chakula chake muulizeni daktari. Na kabla ya kumtia kitu mdomoni kwa huruma, fikirini kwanza.

Mahlet, sasa mwalimu, alituambia hivi msibani: "Kila mtu alitaka kunilisha. Bibi peke yake ndiye aliyeninyima, na ndiye ninayemlilia."