Rambirambi Nilizopokea Mwenyewe

Sikilizeni wanangu, na wewe Mwalimu Katarina usitoke, kaa hapo hapo kwenye kigoda, maana ninayotaka kusema yanakuhusu. Fungeni mlango, dirisha liacheni wazi nipate hewa. Ugonjwa huu unanimaliza, na sina muda mwingi. Nimeishi miaka mingi, nimeona mafuriko na njaa, nimemzika mama yenu kwa mikono hii, na bado sikujua kwamba mtu anaweza kuketi kitandani kwake, bakuli la uji mkononi, akamwona mgeni anaingia mlangoni na kanga kichwani, analia kwa sauti, na anayeliliwa ni yeye mwenyewe.

Mwalimu, ulipiga ukelele ukadhani umeona mzimu, na mimi uji wote ukanimwagikia kifuani. Ukasema, “Mzee Hermenegildi, si tumeambiwa umefariki?” Nami, wallahi, nilijishika mkono kwanza nione kama ni mzima. Nikauliza, nani kawaambia? Ukamtazama Kasmiri. Nikamtazama na mimi, mwanangu wa kwanza, niliyembeba mabegani kuvuka mito ya bonde hili, akainamisha kichwa. Sijapona mshtuko ule, na sidhani kama nitapona.

Kumbe Kasmiri alituma ujumbe chuoni kwako Mwalimu, chuo cha ufundi huko ng'ambo ya mto, kwamba mzee mwenye mashine ya kukoboa amefariki, kwa hiyo wafanyakazi wake wanaosoma hapo, Klementina na Ngusa, waruhusiwe waje kuzika. Msiba! Kwa sababu hapa kwetu mtu anaweza kunyimwa ruhusa ya kila kitu, ya msiba hanyimwi. Ukisema mtoto anaumwa, watakuuliza anaumwa nini. Ukisema shamba limeingiwa na maji, watakwambia usubiri Jumamosi. Ukisema msiba, daftari linafungwa hapo hapo. Ulipiga hesabu vizuri mwanangu, ukasahau jambo ambalo hata kichaa wa sokoni analijua, kwamba ukitangaza msiba, watu watakuja. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako imeishia hapa kitandani kwangu, pamoja na maharage na sukari ya rambirambi aliyobeba Mwalimu.

Na wale vijana walipofika stendi wanalia, ukawaambia habari ilikosewa, mzee yu hai ila yu hoi, hataki kuona mtu, lakini mashine inawahitaji. Mimi nikiuliza injini inayonguruma siku hizi ni ya nani, nikajibiwa ni ya jirani. Yosefina, binti yangu, na wewe ulinijibu hivyo, huku unanipulizia uji upoe! Siwezi kusema kwamba nimekasirika. Nimepigwa na butwaa, nawatazama kama watu niliokutana nao leo.

Sababu naijua. Mvua za mwaka huu, hizi wanazoziita za Elinino, zimeingia mpaka ghalani, watu wanakimbiza mpunga wao ukobolewe kabla haujaoza, foleni imefika barabarani, na wewe Kasmiri hujui hata kuiwasha ile injini. Ungenijia. Kichwa changu bado kinafanya kazi, ningekutajia fundi wa kuazima kwa siku hizi chache. Lakini wewe tangu zamani unaona mtu anayekaa darasani masika ni mvivu anayekula posho ya bure, kwa kuwa masika bonde lote liko shambani, kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia, linafukuza ndege. Kwangu utaratibu ni mwingine, na mnaujua. Mpunga ukija kiangazi, wafanyakazi wangu wako mashineni, mkono unajifunza. Masika mashine ikilala, wako chuoni wanaelezwa kwa nini kile walichokishika kinakwenda vile kinavyokwenda, na posho yao haikatwi.

Sikuubuni mimi utaratibu huo. Nilipokuwa kijana kwenye reli, kule Mlimba, mchana tulibeba mataruma ya kulazia reli, na jua likipungua fundi wa Kichina, ana vumbi kama sisi, anasimama ubaoni na Kiswahili chake cha kuungaunga, anatuchorea kile tulichokifunga mchana. Siku moja nikaelewa kwa nini reli inaachiwa nafasi kidogo pale inapoungana, ili jua likiitanua isipinde, na mimi nilikuwa nimeifunga miezi mingi bila kujua. Nilicheka peke yangu njia nzima. Mashine hii mnayoigombea ilianzia kwenye kicheko kile.

Sasa kesho ni mtihani wa ufundi. Msimamizi anatoka Morogoro mara moja kwa mwaka, hawezi kuwasubiri vijana wetu. Mto unazidi kujaa, na kivuko wanaweza kukisimamisha wakati wowote. Mama yake Klementina alitoka Masagati kwa miguu, akamkalisha binti yake pale nje akaniambia, “Baba, usinirudishie mfagia pumba, nirudishie fundi.” Nikamwambia nimekubali. Hilo ndilo deni ninalokwenda nalo, sina jingine.

Na Ngusa. Kasmiri, nimesikia unavyomsema, kwamba tunamsomesha mtoto wa Msukuma ambaye ng'ombe wa baba yake walikula mpunga wetu wa shamba la kijijini Mbingu. Walikula, ndiyo. Baraza likakaa, baba yake akaleta ndama, tukamchinja, na paja la nyuma ulibeba wewe. Mtu hali ndama wa suluhu halafu akatunza kinyongo. Yale yamekwisha, nami nayazika kabla hamjanizika mimi.

Yosefina, niinue kidogo. Hapo. Maji.

Shamba la Mbingu ni la Yosefina. Nyumba hii ya Viwanja Sitini ni yenu wote wawili, mtu asiuze chumba. Mashine haigawanywi. Yosefina atashika ufunguo, na Klementina akirudi na mtihani wake ndiye fundi mkuu, Ngusa msaidizi wake, na kila masika mmoja wa wafanyakazi aende chuo, na posho yake iendelee. Kasmiri, usinitazame hivyo, sijakunyang'anya. Mashine ni yako siku utakapoijua. Kiangazi utavaa ovaroli, utaitia mafuta, utamuuliza Klementina na utamjibu “ndiyo, fundi,” ingawa ulimuona akiwa na meno ya utoto. Masika utakaa darasani na watoto wa watu, na mvi zako hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwalimu, utampokea? Ameitikia, mmeona wote.

Maharage hayo msiyarudishe. Yapikeni leo, nionje na mimi, mengine yawekeni, hayatakaa sana.

Pumzi... ngojeni. Nizikeni kando ya mama yenu, upande wa juu, maji yasinifikie. Msikodi muziki. Sogeeni. Yosefina, Mungu akupe mikono isiyochoka, na watoto wakuambie ukweli hata pale unapouma. Kasmiri, leta kichwa. Wewe ni mwanangu, nilikupenda kabla hujajua kusema uongo, na sasa hivi nakupenda. Mungu akulaze, akuamshe, akufungue akili. Akupe... akupe aibu ya kukutosha, isizidi.

Sasa simama. Nenda ukazime injini, waambie vijana wakusanye vitu vyao, mabegi yao ubebe wewe. Nendeni na Mwalimu, mvuke leo. Ukifika usimtume mtu, ingia mwenyewe kwa mkuu wa chuo, useme kwa kinywa chako kwamba ulidanganya, baba yako yu hai. Najua unataka kubaki unishike mkono. Usibaki. Yosefina ananishika.

Nenda, baba. Kimbia. Nataka utakapoyasema hayo... yawe bado ni kweli.