Bi. Chelagat, Refa na Ufunguo wa Lori la Viazi

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Hellen Chelagat anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kama mpokezi wa zamu ya jioni katika kliniki yetu ya wanyama hapa Nakuru. Alipoanza mwaka 1994, kliniki ilikuwa chumba kimoja, na wagonjwa wengi walikuwa ng'ombe wasioweza kupita mlangoni. Tangu hapo, daktari akishaenda nyumbani na mtu aje mbio na mnyama aliyezidiwa, Bi. Chelagat ndiye hufungua.

Amepokea paka aliyenasa kichwa ndani ya kopo la maziwa ya unga. Amepokea bata ambaye mfugaji wake aliapa kwamba ana huzuni. Lakini mkituuliza habari zake, sote tutawasimulia Jumamosi moja tu, miaka sita iliyopita.

Saa moja jioni alipigiwa simu na Sue, mwenye hoteli ndogo ya chakula pale Salgaa, wanakosimama malori. Mbwa wake, Refa, alikuwa anatapika povu na hawezi kusimama. Refa alipata jina hilo kwa sababu madereva wakianza kugombana hujipenyeza katikati yao. Sue alikuwa analia. Alisema mbwa amemeza ufunguo wa lori.

"Lori gani?" Bi. Chelagat aliuliza.

"La viazi. Na limeziba mlango wangu."

Baada ya dakika arobaini gari aina ya Probox lilisimama langoni. Akashuka Sue akiwa amembeba Refa ndani ya aproni, kisha Peterson, dereva wa lori, kisha Lewis, mwenye viazi, ambavyo vilitoka Molo asubuhi hiyo. Peterson hakuwa na shaka hata kidogo. Alisema aliacha ufunguo mezani kando ya sahani ya matumbo, akaenda kunawa mikono. Aliporudi sahani ilikuwa tupu, ufunguo hakuna, na Refa alikuwa chini ya meza akijilamba.

Ufunguo ulikuwa na kikengele. Peterson aliinama, akaweka sikio kwenye tumbo la mbwa. Kikengele kikalia.

"Iko! Mmesikia?"

Wote walikuwa wamesikia. Hata Bi. Chelagat alisikia.

Akatoa fomu. Mgonjwa: Refa. Mwenye mgonjwa: Sue. Peterson akadai naye aandikwe, maana kilicho ndani ni chake. Fomu hiyo tunayo mpaka leo, na kwenye nafasi ya uhusiano na mgonjwa imeandikwa kwa mwandiko safi: "Jamaa wa ufunguo."

Lewis akauliza kwa upole kama mbwa hangeweza kufunguliwa kidogo tu, ufunguo utoke, hayo mengine yashughulikiwe Jumatatu.

"Boss, huyu si begi," Bi. Chelagat alimwambia. "Hapa mgonjwa ni mbwa. Viazi vikiugua nitavipokea pia."

Akampigia Daktari Kipkemei, ambaye wakati huo alikuwa Dundori akimzalisha ng'ombe. Mkono mmoja wa daktari ulikuwa ndani ya ng'ombe, na simu ilishikwa sikioni mwake na mwenye boma.

"Vuta!" daktari alipaza sauti.

"Nivute nini, daktari?"

"Si wewe! Huyo mbwa usimpe kitu chochote kwa mdomo. Nakuja."

Zaidi ya saa moja ilipita. Refa alizidi kulegea, na macho yake yakaacha kumfuata Sue. Kila Peterson alipoinama kumsikiliza, kikengele kililia, na kila kilipolia Lewis alisema, "Si mmuokoe basi." Bi. Chelagat alisimama kati ya meza na wanaume hao wawili, na hakutoka hapo.

Daktari alifika na gambuti zake zenye tope, akapiga picha ya eksirei. Ufunguo haukuonekana. Peterson akamwomba ageuze picha upande wa pili. Bado haukuonekana. Peterson akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kikengele kikalia.

Refa alikuwa chumba kingine.

Bi. Chelagat alimgeukia dereva. "Peterson," akasema, "hebu ruka."

"Niruke?"

"Ruka, baba."

Akaruka. Kikengele kikalia. Akaruka tena. Bi. Chelagat akaingiza mkono kwenye mfuko wa jaketi la Peterson, akapitisha vidole kwenye tundu la mfuko, akautoa ufunguo kutoka ndani ya bitana.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu daktari alikuwa bado anaitazama ile picha. Utumbo wa Refa ulikuwa umezibwa kweli. Walimpasua usiku huo huo na kutoa gunzi la mahindi. Daktari alisema asubuhi ingemkuta amekufa. Sue alikiri kwamba bila habari ya ufunguo asingemleta, angedhani ni matumbo yamemkataa. Kusingiziwa wizi ndiko kulikomponya Refa.

Lewis aliuchukua ufunguo akatafute dereva mwingine. Peterson alikataa kuondoka. Alikaa kwenye benchi, jaketi mapajani, akisema kwa sauti ya chini kwamba alimwita mbwa wa watu mwizi.

Bi. Chelagat hakulala. Alikaa sakafuni, mkono wake juu ya shingo ya Refa, hadi kukapambazuka. Sue alipomsihi apumzike, maana dawa ya usingizi aliyopewa mbwa ilikuwa bado kali, alijibu, "Nataka akiamka apate mtu."

Jackie wa maabara, ndiye mimi ninayeandika haya, nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta hivyo. Refa alikuwa amefungua jicho moja.

Bi. Chelagat, kwa niaba ya wote uliowafungulia, wa miguu miwili na wa minne, tunakushukuru. Nenda salama nyumbani Rongai. Maisha yako yawe mema, mwili uwe na nguvu, na ulale saa tatu usiku kama watu wengine.