Helen Alipoinuka Katikati ya Opera ya Pili

Benchi letu liko mbele ya duka la Abdisalan hapa mtaani Gurei, upande wa kivuli, na Nyakong ameweka jiko lake la kahawa mahali ambapo moshi wote unanijia mimi. Nimelalamika miaka miwili, hakuna anayesikia. Jina langu Igga, ila wananiita Bwana Hapana kwa sababu napinga, na napinga kwa sababu hawa watu wanaongea upuuzi. Abdisalan tunamwita Jumla: anauza kila kitu kwa katoni, pamoja na maoni yake. Robert ni Injinia, fundi wa jenereta. Na Loku ni Sauti. Huyu hutafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Picha inaenda, yeye ameshika maikrofoni, anawasemea waigizaji wote, wake kwa waume, kazi aliyojifunza Uganda tulipokuwa wakimbizi. Jumamosi mchana hoteli moja ya mtaa wa Amarat ilimwita atafsiri opera mbili za Kizungu, michezo ya kuimba tupu, zikionyeshwa kwenye skrini mfululizo. Jumapili baada ya ibada tukamkuta ameketi mwisho wa benchi, ameshika kikombe, hanywi.

— Sema tena, nikamwambia, na usikimbie. Ulifanya nini?

— Opera ya kwanza, Loku akasema, iko na afande mmoja. Anapenda binti ya mwoka mikate. Anasimama na farasi yake, anaimba dakika nane. Mimi namaliza maneno yake kwa dakika mbili. Yeye bado iko naimba. Watu wote wananiangalia. Sasa nikaanza kuweka yangu.

— Yako gani?

— Nikasema, wewe binti wa Gurei mwenye cherehani, tangu siku nilikuletea suruali ya zipu, mimi silali.

Jumla akaweka kikombe chini.

— Na Helen alikuwepo?

— Mstari wa tatu.

Helen ndiye fundi cherehani wetu. Mwezi huu peke yake Loku amempelekea zipu tatu, na mimi naapa mbili alizing'oa mwenyewe kwa koleo la Injinia. Watu ukumbini hawakushtuka, kwa sababu Sauti huwa anatia majina ya hapa kwenye kila filamu. Kwake yeye hata majambazi wa ng'ambo wanakimbilia mtaa wa Sherikat. Walicheka, wakapiga makofi. Lakini Helen hakucheka.

— Kalas, Jumla akasema. Umesema, amesikia, kazi imeisha.

— Haijaisha. Opera ya pili iko na mwanamke anafua nguo za watu, na mwanamume wa kuwasha taa za barabara. Wanapendana. Sasa kaka zake mwanamke wanataka kuua huyo mwanamume. Mwanamke anamwambia, nenda, sikupendi. Mimi nikatafsiri hivyo hivyo, nenda, sikupendi. Hapo hapo Helen akainuka, akatoka.

 Nyakong aliacha kupepea jiko. Sasa mnaona shida ya huyu kijana. Miezi minane anamtaka huyo msichana, hatimaye amemwambia kwa mdomo wa afande wa Kizungu, na msichana ameondoka kwenye neno sikupendi. Je, alikuwa anamjibu?

— Alikuwa anajibu, Jumla akasema. Walahi, jibu wazi kuliko hilo sijaona. Pole.

— Hapana, nikasema.

— Wewe Igga ungesema hapana hata ukiulizwa kama u hai.

— Ngojeni, Injinia akasema. Mteja akiniletea jenereta akaniambia haina shida kubwa, mimi simsikilizi yeye, nasikiliza injini. Loku, huyo mama aliposema sikupendi, muziki ulikuwa unafanya nini?

Loku akafumba macho kukumbuka.

— Fidla moja tu. Chini chini. Ule wimbo wa kisimani, mahali walikutana mara ya kwanza.

— Ule ule?

— Ule ule, lakini polepole.

— Basi anampenda. Mdomo unamfukuza, fidla inamshika shati. Na yule afande, akiimba mapenzi, wanapiga nini?

— Tarumbeta. Na ngoma kubwa.

— Akienda vitani?

Loku akafikiri.

— Tarumbeta. Na ngoma kubwa.

— Zile zile?

— Zile zile.

— Basi huyo hampendi binti, Injinia akasema. Huyo anapenda kelele yake. Binti mwenyewe aliimba nini?

— Kidogo sana. Kila akianza, afande anaingia juu yake. Hawa wawili wa taa, mmoja akiimba mwingine anangoja. Yule mwanamume anasikiliza mpaka anasahau zamu yake.

Hapo lazima niseme ukweli, Injinia alinipita. Mimi nilikuwa nimejiandaa kupinga na sikupata pa kushika. Lakini sikuweza kukaa kimya, kwa hiyo nikasema jambo ambalo nililijutia papo hapo.

— Basi wewe Loku umempenda Helen kama afande. Na spika mbili kubwa, mbele ya watu mia.

Uso ukamshuka. Nyakong alinitazama vibaya, nami nilistahili.

— Ni kweli, Loku akasema taratibu. Mimi ni afande.

— Usimsikilize huyo, Jumla akasema. Kiti chake kilikuwa cha nini?

— Cha nani?

— Cha Helen. Cha chuma au cha plastiki?

— Cha chuma.

— Alipoinuka kililia?

— Sikusikia.

— Mnaona. Mtu mwenye hasira anasukuma kiti, kinalia. Yeye alikinyanyua. Aliondoka na fidla, hakuondoka na maneno.

— Alitoka mguu gani? Injinia akauliza, na sikujua kama anatania.

— Mguu si hoja, Jumla akasema. Hoja ni dawa. Tunatafuta ile fidla kwenye simu. Injinia ana spika ndogo. Loku anasimama mlangoni kwa Helen, fidla inalia chini chini, yeye anamwambia, nenda, sikupendi. Helen ameona opera, ataelewa kinyume chake.

— Nenda aende wapi? nikauliza. Ni nyumbani kwao.

— Atarekebisha, aseme baki, sikupendi.

Msicheke. Injinia alikuwa ameshatoa spika kwenye mfuko wa vifaa na anaipangusa vumbi kwa shati. Loku naye alikuwa ameinuka nusu, anarudia maneno kwa midomo tu, baki, sikupendi, baki, sikupendi. Mwanaume akikosa usingizi siku moja anaweza kuamini lolote. Mimi nilishikwa na hofu ya kweli, maana angeenda, na angemwambia vile, na hapo mambo yangeharibika kabisa.

Wakati huo akafika Bona, dereva wa gari la maji, anataka sabuni. Alisimama akasikiliza kidogo, akachanganyikiwa, kama mtu yeyote mwenye akili angechanganyikiwa.

— Kwani huyo Helen, Loku, wewe umemuuliza?

Jumla alimtazama Injinia. Injinia aliitazama spika. Mimi nilijisikia mjinga wa miaka arobaini na sita.

— Nimuulize na maneno ya nani? Loku akasema.

Bona akaingia ndani kuchagua sabuni.

Nyakong ndiye aliyemwona kwanza. Alikohoa, akaonyesha kwa kidevu. Helen alikuwa anakuja barabarani na nguo ya kanisani, anatembea haraka, anakunja uso kwa jua au kwa jambo lingine. Injinia aliisukuma spika chini ya benchi.

— Habari zenu kaka zangu. Mama Nyakong, umeamkaje. Loku, nimekutafuta kibandani, wakasema uko hapa. Jana ulipita wapi?

— Mlango wa jikoni, Loku akasema.

— Mimi nilikuwa mlango wa mbele. Nilitoka mapema nikuwahi kabla watu hawajakuzunguka. Nilingoja mpaka mlinzi akaniletea kiti.

Nilishusha pumzi, na nilimsikia Jumla akishusha yake.

— Nilitaka kukuuliza kitu, Helen akaendelea. Ile picha ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Mimi nilikuwa nasoma. Pale afande alipoimba sana, alikuwa anaongea na farasi wake. Anamwambia farasi wasichelewe.

Benchi lote likageuka kumtazama Loku. Dakika nane za mapenzi, kumbe ni za farasi.

— Nilisema hampendi binti, Injinia akanong'ona.

— Kwa hiyo ile ya cherehani, Helen akasema, ni nani alisema?

Loku akasimama. Akasafisha koo, akainua kidevu, na ikatoka ile sauti nzito ya kibandani.

— Ewe binti, moyo wa mwanamume—

— Hiyo sauti hapana, Loku. Nakuuliza wewe.

Akashusha kidevu. Nilitaka kumsaidia, nadhani sote tulitaka, na namshukuru Mungu hakuna aliyefungua mdomo. Alipoongea sauti ilikuwa ndogo, yenye kukwaruza, sikuwahi kuisikia.

— Ni mimi. Mimi iko napenda wewe, Helen. Nataka kuja kwenu na wazee. Kama hutaki, sema hapa hapa, mimi nitasikia.

Helen aliangalia viatu vyake.

— Wazee wako wakija, baba ataniita mbele yao aniulize kama nawajua hao wageni. Nitasema nawajua. Waje Jumamosi.

Akaaga vizuri, kila mtu na jina lake, akageuka akarudi alikotoka. Sasa alikuwa anatembea polepole.

Bona akatoka dukani na sabuni yake mkononi, akatukuta tumeganda.

— Amesema nini?

Loku akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Nikataka kujibu mimi, nikawahiwa.

— Amesema ndiyo, Nyakong akasema, akampa kahawa nyingine.