Sisimizi wa Mama Pu

Benchi la mbele ya mkahawa wa Mama Pu, mjini Zigong, lina wenyewe: Redio, dereva mstaafu asiyejua kunyamaza, na Daktari, ambaye maisha yake yote alitibu bata. Asubuhi hiyo Mama Pu aliwaletea chai na sahani ya tambi za kukaanga, kisha akaketi kati yao na fomu mkononi. Mgeni mmoja alikuwa amemshtaki kwenye ofisi ya soko: kaagiza tambi hizo ziitwazo Sisimizi Wapanda Mti, hakuona sisimizi wala mti. Mama Pu aeleze jina hilo limetoka wapi, la sivyo alifute kwenye ubao wa vyakula. Na jina hilo aliachiwa na mama mkwe wake, pamoja na karai.

— Nisaidieni jamani. Niandike nini?

— Andika ni nyama ya kusaga iliyoganda kwenye tambi, alisema Redio. Ukiinua vijiti, unaona sisimizi tawini. Mbona rahisi!

— Rahisi mno, watakurudishia, Daktari akadakia. Andika palikuwa na jenerali, jeshi lina njaa. Akafuata sisimizi mpaka mtini, akakuta ghala la tambi.

— Ghala juu ya mti?

— Mti mkubwa.

— Acha fiksi, Dokta! Jenerali mwenyewe ndiye alikuwa sisimizi. Babu yangu alikaa jirani na kaburi lake.

— Kaburi la sisimizi? Mbona hatujaliona?

— Dogo.

Mama Pu aliandika yote, hata kaburi. Fomu ikajaa, akageuza nyuma.

Ndipo akatokea Bi Qiu wa ofisi ya soko. Akaisoma fomu mbele na nyuma bila kucheka. Akachukua vijiti, akainua tambi, akazitazama huku na huku.

— Jina sina ugomvi nalo, mama. Nyama iko wapi?

Redio akageukia barabarani. Daktari akazama kwenye kikombe chake. Tangu nguruwe apande bei, Mama Pu alikuwa akipunguza nyama kijiko kwa kijiko, akidhani hakuna anayeona. Kumbe hawa wawili waliona siku zote, wakala, wakamsitiri.

Uso ukamwiva. Akaitwaa sahani.

— Nipe dakika kumi, alisema, akaingia jikoni. Punde kisu kikasikika kikigonga ubao wa kukatia nyama.

— Sogea kidogo, mzee, Bi Qiu akamwambia Redio, akaketi.