Mwisho wa Kila Wimbo

Ndani ya basi la Amborovy kwenda mjini Mahajanga, mbele yangu alikaa Chaher, mpiga kodiani wa Nosy Be, aliyekuwa amejitambulisha kwa abiria wote. Alikuwa akimlalamikia mama aliyeketi kando yake, kwa Kingazija kilichojaa Kimalagasi.

"Bendi tatu zimenifukuza! Hata kwenye dansi ya Uhuru! Eti kila wimbo naumaliza kwa kuukokota, watu wanakanyagana."

"Nani alikufundisha?"

"Nilijifundisha mwenyewe utotoni, kwa gramafoni ya mjomba. Alikuwa akizungusha mpini wa kuitia nguvu mara moja tu, kisha analala. Sisi watoto tulikatazwa kuugusa."

Mama alishika kichwa. "Ilikuwa ikiishiwa nguvu, mwanangu! Nyimbo haziishi hivyo!"

"Kwetu zote ziliisha hivyo."

Nilimlaani mjomba kimoyomoyo.

"Na kesho unapiga wapi?"

"Harusini, kwa Mzee Tadjiddine."

"Subhanallah! Huyo mume wangu! Anayeolewa ni binti yangu!"

"Basi nifundishe, mama. Wimbo unaishaje?"

Mama alifungua kinywa amjibu. Basi likapunguza mwendo, likanguruma polepole, likajikokota mpaka kituoni, likanyamaza. Chaher akamtazama kama mtu aliyeshinda kesi.